Maumivu ya Mgonjwa Aliyezoea Unga

Hotuba iliyotolewa na tabibu mstaafu, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule



Katibu aliponipigia simu aliniambia nizungumze juu ya jambo lolote la afya, mradi nisiwachoshe watu kabla ya pilau. (Kicheko.) Nilifikiria kuzungumzia malaria. Nikafikiria kichocho, maana sote tuliooga ziwani wakati wa masomo ya jioni, bila idhini ya mwalimu wa zamu, tunakifahamu kichocho vizuri. (Kicheko.) Lakini nimeona nizungumze juu ya deni. Deni lenyewe nilikopa kwa mmoja wetu, mtu aliyekaa katika bwalo hili hili akala ugali na maharage ya hapa. Nimemwomba ruhusa niisimulie habari yake. Amenikubalia kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimwombee huruma. Nitajitahidi kuyashika yote mawili.

Usiku wa tatu

Miaka michache kabla sijastaafu nilikuwa tabibu wa zamu katika hospitali moja ya ng'ambo ya ziwa. Sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza nililifanya mimi kwa mkono wangu na kalamu yangu. Jioni moja waliletwa majeruhi wawili wa ajali ya pikipiki. Wa kwanza alikuwa amechubuka tu. Wa pili, mtu mzima wa makamo, mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na ncha yake imetokeza nje ya ngozi. Tulimlaza kwa dawa ya usingizi, tukaosha kidonda, tukamfunga plasta ya nusu ili kidonda kipate kuangaliwa, tukamwandikia sindano za kuua vijidudu. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi.

Alipozinduka aliniita. "Daktari," akasema, "naomba nikwambie jambo kabla hujaondoka. Mimi nakunywa methadoni pale Sekou Toure, Mwanza. Nilikuja huku msibani kwa mama mdogo, nikawa nirudi leo. Leo sijanywa. Nakuomba muwapigie simu kliniki, watawaambia kiasi changu."

Muuguzi aliyekuwa karibu alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Huyo teja, Daktari. Hao wanajua kusema." Nami, badala ya kupiga simu, nikaandika kwenye faili parasetamoli vidonge viwili mara tatu kwa siku. Chini yake nikaongeza maneno mawili ambayo mpaka leo nayaona nikifumba macho: "Anatafuta dawa."

Nilipokuwa nageuka kuondoka akaniita tena, safari hii hakusema daktari. "Kaka, hunikumbuki? Ulipokuwa kidato cha sita mimi nilikuwa njuka bwenini kwako. Wewe ndiwe uliyewakataza wenzako wasinimwagie maji usiku."

Ndugu zangu, nilimkumbuka mara moja. Nilimkumbuka na sanduku lake la bati na kaptula iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Lakini niliona haya kutambuliwa na teja mbele ya wauguzi wangu. Nikamwambia, "Pumzika," nikaenda zangu.

Siku ya pili arosto ilikuwa imemshika. Kwa wale wasiolijua neno hili, arosto ni hali inayompata mtu aliyezoea unga, au dawa za jamii yake, anapoikosa. Jasho linamtoka, anapiga miayo mfululizo, pua inachuruzika, vinyweleo vinasimama, tumbo linaendesha, misuli inakakamaa na kutetemeka. Sasa fikirini misuli hiyo inatetemeka kwenye mguu wenye mfupa uliovunjika. Kila ukitetemeka, mfupa unasagana. Alipopiga kelele tulisema anaigiza. Alipotaja jina la dawa inayomfaa tulisema, mnaona, anazijua mpaka kwa majina. Aliponyamaza tukasema, mnaona, hakuwa na maumivu yoyote. Kwa hiyo hapakuwa na jambo ambalo angelifanya tukamwamini.

Usiku wa tatu aliondoka. Aliazima mkongojo wa jirani yake wa kitanda akatoka gizani. Faili likaandikwa "Ametoroka", likafungwa.

Alivuka kurudi Mwanza. Mtu huyu alikuwa ameacha unga kwa miezi kumi na minne. Siku hiyo, kwa maumivu aliyokuwa nayo, hakufika kliniki. Aliishia kijiweni, kwa kuwa kijiwe kilikuwa karibu zaidi na hakikumuuliza maswali. Kidonda kikaoza. Wiki tatu baadaye mguu ukakatwa chini ya goti.

Nilipopata habari nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza mambo ya utaratibu wa hospitali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mimi sikutoroka hospitali. Nilitoroka maumivu."

Kasumba

Baada ya siku ile nilirudi kwenye vitabu kama mwanafunzi. Naomba niwape kwa ufupi yale niliyojifunza, maana humu ndani wamo waganga, wauguzi, wafamasia, maaskari, wenye boti, na wazazi. Na habari hii inawahusu wote.

Sisi wa zamani tunalikumbuka neno kasumba. Katika somo la Siasa tulifundishwa kupiga vita kasumba ya kikoloni, yaani mawazo yaliyomtawala mtu mpaka hawezi kufikiri mwenyewe. Lakini asili ya neno hilo ni dawa. Kasumba ni afyuni, utomvu unaogemwa kwenye tunda la mpopi na kukaushwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani aitwaye Sertürner alitoa ndani ya afyuni kiini chake, nacho kikaitwa mofini. Hadi leo mofini ni dawa kuu ya maumivu makali. Kutokana na mofini ikatengenezwa heroini, ambayo kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Heroini hiyo ndiyo vijana wetu wanaiita unga.

Unga uliingia pwani yetu katika miaka ya 1980. Mwanzoni watu waliuvuta, wengi wakiuchanganya na bangi au tumbaku na kuuita kokteli. Baadaye wakaanza kujidunga. Kutoka Dar es Salaam na Zanzibar ulisafiri na barabara na reli mpaka miji ya bara, na Mwanza haikusalimika.

Methadoni nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1960, huko New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwapa wagonjwa wa heroini kila siku. Hunywewa mara moja kwa siku, haileti ulevi wa ghafla kama unga, na inazuia arosto, hivyo mtu anaweza kwenda kazini. Hapa Tanzania kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar, kisha mikoani, ikiwemo yetu hapa katika Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure. Mgonjwa hufika dirishani, hunywa dawa yake mbele ya mtoa huduma, huenda zake.

Basi mimi niliyejidhani nimeelimika nilikuwa na kasumba ya aina ya pili. Nilikuwa na mawazo manne ambayo sikuwahi kuyachunguza. Nitayataja moja moja.

Wazo la kwanza: kwamba anayekunywa methadoni ameshapata dawa ya maumivu, hahitaji nyingine. Si kweli. Dozi moja ya methadoni huzuia arosto kwa siku nzima na zaidi, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu saa sita hadi nane hivi tu. Tena mwili wake umekwisha kuizoea dozi ile. Nyinyi mliozaliwa visiwani mtanielewa nikisema hivi: methadoni ni nanga. Nanga inaushika mtumbwi usichukuliwe na mkondo, lakini haizuii mawimbi. Mguu ukivunjika, hayo ni mawimbi. Yanataka dawa yake mbali na nanga. Na ole wake anayeng'oa nanga wakati wa dhoruba, kama nilivyofanya mimi.

Wazo la pili: kwamba watu hawa hawasikii maumivu, wamekufa ganzi. Ukweli ni kinyume chake. Wataalamu wamewapima kwa kuwatumbukiza mkono katika maji ya barafu. Wanaokunywa methadoni huutoa mkono mapema kuliko watu wengine. Dawa za jamii ya afyuni zikitumika kwa muda mrefu huufanya mwili uyasikie maumivu kwa ukali zaidi. Kwa hiyo aliyekuwa akilia wodini kwangu huenda alikuwa anaumia kuliko ambavyo ningeumia mimi kwa mfupa uleule.

Wazo la tatu: kwamba ukimwongezea mofini juu ya methadoni atakata pumzi. Hofu hii ina chembe ya ukweli, nami sitaki kijana yeyote aipuuze. Dawa hizi zikizidi huua kwa kuzuia kupumua, hasa zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi. Lakini mwili uliozoea huhimili kiasi ambacho kingemdhuru mtu mwingine, na mara nyingi huhitaji zaidi ya dozi ya kawaida ili kupata nafuu ileile. Dawa ya hofu hiyo ni kumwangalia mgonjwa: hesabu pumzi zake, tazama kama anaamka ukimwita, weka naloksoni karibu. Kumnyima si uangalizi.

Wazo la nne, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: kwamba ukimpa mofini atarudi kwenye unga. Mimi sikumpa mofini, na akarudi kwenye unga siku ya nne. Sina haja ya kuongeza neno.

La kufanya

Sasa niwaambie ningefanya nini kama ningeirudisha jioni ile.

Kwanza ningemwamini vya kutosha kupiga simu. Simu hiyo ingechukua dakika tano, kama si usiku basi asubuhi yake. Kliniki ingetaja kiasi chake na siku ya mwisho aliyokunywa. Jambo hili la siku ya mwisho ni kubwa. Mtu akikosa dozi kwa siku tatu au zaidi, mwili huanza kuisahau dawa, na ukimrudishia kiasi chake chote cha zamani kwa mkupuo unaweza kumuua. Huanzishwa upya kwa kiasi kidogo, kwa ushauri wa kliniki.

Pili, methadoni yake ingeendelea kila siku, hata siku ya upasuaji.

Tatu, ningeyatibu maumivu kama maumivu ya mtu yeyote, kwa kupanga dawa za namna mbalimbali: parasetamoli kwa saa zake, ibuprofeni au diklofenaki kama figo na tumbo vinaruhusu, ganzi ya kuuzimisha mguu, ketamini kidogo pale inapohitajika. Na kwa mfupa uliotokeza nje, mofini. Ningeitoa kwa saa, bila kungoja mgonjwa aombe, kwa sababu mgonjwa akilazimika kuomba, sisi tunaanza kumhesabia maombi yake kama dhambi.

Nne, ningejua dawa za kuepuka. Pentazosini, kwa mfano, iko katika jamii hiyo lakini hugombana na methadoni, na humwingiza mgonjwa kwenye arosto palepale. Tramado nayo si ya kuchezea, ikizidi huleta degedege. Kadhalika, rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini liimalize methadoni upesi. Mgonjwa aliyeanzishwa dawa za kifua kikuu akilalamika kwamba dozi yake haimtoshi tena, tusimwite mwongo. Anasema kweli, na dozi yake hurekebishwa.

Tano, ningepanga siku ya kuruhusiwa: dawa za siku chache tu, ndugu wa kuzishika, na barua ya kwenda kliniki.

Je, na yule ambaye hayumo kwenye methadoni, bado anatumia unga? Naye hutibiwa arosto kwanza, kwa sababu mtu mwenye arosto hawezi kutulia akatibiwa kitu kingine. Akishatulia, huenda hapo ndipo akakubali kupelekwa kliniki kwa mara ya kwanza. Na yule aliyeacha kila kitu kabisa, akawa anaiogopa hata mofini ya hospitali? Huyo aulizwe anataka nini, na hofu yake iheshimiwe. Njia za ganzi na dawa nyingine zipo.

Mwaka mmoja hivi baada ya habari ile nilijaliwa kujaribu tena. Alikuja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mjamzito, anayekunywa methadoni, na mtoto alikuwa amelala kimshazari. Alinieleza habari ya dawa yake huku akitazama sakafu. Nilimwambia, "Mama, umefanya vizuri kunieleza. Hebu nipe namba ya kliniki." Akaniinulia uso kama mtu aliyesikia lugha asiyoitegemea. Alifanyiwa upasuaji kwa ganzi ya uti wa mgongo. Methadoni haikukatizwa hata siku moja. Alipata mofini kwa saa kwa siku mbili, kisha vidonge vya kawaida vikamtosha. Mtoto aliangaliwa kwa makini, maana watoto hawa nao huweza kupata arosto siku za mwanzo, nayo hutibika. Mama alinyonyesha, akaruhusiwa, akarudi kliniki. Hakuna miujiza niliyofanya. Nilipiga simu tu.

Si teja peke yake

Msije mkadhani habari hii inawahusu wanaotumia unga tu. Kanda yetu hii ya Ziwa ina watoto wengi wenye sikoseli, na huenda hata humu bwaloni wamo. Mwenye sikoseli anapopatwa na maumivu ya mifupa ni maumivu makali mno. Kwa kuwa amelazwa mara nyingi tangu utotoni, anajua dawa gani inamfaa na kwa kiasi gani. Akiitaja tu, yupo wa kumtazama kwa jicho la pembeni na kusema amezoea dawa. Nimeliona jicho hilo, na nimewahi kuwa nalo.

Vilevile wagonjwa wa saratani. Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kile tunachokiona tukiwa mbali ziwani, inapokea wagonjwa kutoka kanda nzima. Wengi hufika ugonjwa ukiwa umesonga mbele, na wanachohitaji kuliko vyote ni kulala usingizi bila kulia. Majirani zetu wa Uganda walituonyesha njia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda na kuanza kutoa mofini ya maji, ambayo mgonjwa anainywea nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu hata wauguzi na waganga wasaidizi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hapa kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo imekuwa ikitengeneza mofini ya maji kutokana na unga wake. Ni dawa ya bei nafuu. Kikwazo kikubwa si fedha. Ni ile kabati yenye kufuli mbili na hofu ya mwenye funguo.

Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa za kulevya unatamka mwanzoni kabisa kwamba dawa hizo ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba hapana budi zipatikane kwa kazi hiyo. Sisi tumeshika nusu ya pili, ya kufungia, tukasahau nusu ya kwanza. Ndugu zangu maaskari mlioko hapa, sisemi tuwaachie wauza unga. La hasha. Nasema kufuli iwe ya kumzuia mwizi, isiwe ya kumzuia mgonjwa.

Maneno kwa wadogo zangu

Vijana, nisingependa mtoke hapa mkisema mzee amesema unga una tiba, basi hakuna neno. Mwenzetu huyu alianza kwa kokteli moja aliyopewa bure na rafiki. Tiba yake ni kufika dirishani kila siku, jua na mvua, Krismasi na Idi, na mguu mmoja hautaota tena. Lakini nawaomba na hili. Yule mwenzenu atakayeanguka, maana katika darasa la watu arobaini hakosekani wa kuanguka katika jambo moja au jingine, msimfutie jina. Mimi nilimkinga yule njuka asimwagiwe maji akiwa na miaka kumi na minne, nikashindwa kumkinga akiwa na miaka hamsini, wakati nilipokuwa na uwezo zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa Umoja, kisha nakaa. Mgonjwa wa methadoni anayeishi Igoma au Kisesa anatakiwa kulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Wengi wao hawana kazi ya kudumu. Wanaokata tamaa hawakati tamaa na dawa, wanakata tamaa na nauli. Tunazo fedha tulizochanga kwa ajili ya kujenga lango jipya la shule. Napendekeza sehemu yake, hata kama ni ndogo, iwe ya nauli za wagonjwa wa namna hii watakaoletwa kwetu na ustawi wa jamii. Lango la zamani bado linafunguka. (Kicheko na makofi.)



Maswali

Mhariri ameniomba niandike hapa maswali mawili niliyoulizwa na majibu yangu.

Mwanafunzi wa kidato cha tano aliuliza: "Mzee, shikamoo. Dawa hospitalini hazitoshi. Kwa nini apewe aliyejiharibu mwenyewe, na wengine wakose?" Nilimjibu kwamba marahaba, swali lake ni la haki na mimi mwenyewe nilikuwa nikiliuliza. Lakini katika miaka yangu ya kazi nimemshona mlevi aliyeanguka mtumbwini, nimemfunga plasta mwendesha pikipiki asiyevaa kofia, nimemtibu kisukari mzee asiyetaka kuacha soda. Hakuna niliyemuuliza amejiharibu kiasi gani kabla ya kumpa dawa. Nilimuuliza teja peke yake. Halafu nikamwambia apige hesabu: vidonge vya parasetamoli nilivyomwandikia mwenzetu viligharimu fedha kidogo, lakini kukatwa mguu, vitanda vya wiki kadhaa na maisha ya mtu asiyeweza tena kuvuta nyavu viligharimu nyingi.

Swali la pili liliulizwa na mwenzetu mmoja, mzazi, baada ya mkutano, pembeni, kwa sauti ya chini. Alitaka kujua kliniki ya Sekou Toure inafunguliwa siku gani, na kama mzazi anaweza kwenda kwanza peke yake kuuliza. Nilimjibu kwamba inatoa dawa kila siku, na mzazi anaweza kwenda. Nikamwambia tukitaka tutakwenda pamoja.

Tulikwenda Jumatatu. Tulipofika tulimkuta mwenzetu wa mguu mmoja amekaa kwenye benchi, ameshakunywa dawa yake, ana bonge la uzi wa nyavu mapajani. Alimsalimu mzazi yule, akamsogezea nafasi, akaanza kumweleza utaratibu wa pale.

Pendekezo la nauli limepangiwa kujadiliwa na Kamati katika kikao chake kijacho.